Kadi ya mkopo yenye pointi: Piga hesabu kabla ya kushangilia zawadi

WAHENGA walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Benki za siku hizi zimeipamba harusi hiyo zaidi, kwani kila unapokopa unatunzwa. Mteja anayelipia bidhaa kwa kadi ya mkopo huandikiwa pointi, na pointi zikifika idadi fulani hubadilishwa ziwe vocha ya supamaketi, tikiti ya ndege ama punguzo la deni lenyewe.

Kwa familia inayonunua unga, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni kila mwezi, wazo hilo linavutia. Pesa hizo zitatumika kwa vyovyote vile, mbona basi zisirudi nyumbani na chochote?

Swali ni zuri, ila jibu lake halimo katika vijikaratasi vya matangazo vinavyogawiwa kwenye milango ya maduka. Jibu limo katika hesabu tatu ambazo kila mwenye nyumba anaweza kuzifanya kwa kalamu na karatasi. Kwanza, pointi moja ina thamani gani kwa shilingi na senti? Pili, ni sehemu gani ya matumizi ya nyumbani inayoweza kupitia kwenye kadi? Tatu, je, deni lote litalipwa kabla ya tarehe ya mwisho, kila mwezi, bila kukosa?

Hesabu ya tatu ikishindikana, mbili za kwanza hazina maana tena.

Zawadi hutoka wapi?

Benki haitoi sadaka. Mteja anapolipa Sh1,000 kwa kadi, mwenye duka hapokei Sh1,000 kamili. Hukatwa ada ndogo ambayo hugawanywa kati ya benki iliyompa mashine ya kupokea kadi, kampuni yenye mtandao wa malipo kama vile Visa au Mastercard, na benki iliyompa mteja kadi. Fungu linaloiendea benki ya mteja ndilo kisima ambamo pointi huchotwa.

Ushahidi wa jambo hili umeonekana ng'ambo. Mwaka wa 2015, Muungano wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.3 ya bei ya bidhaa kwa fungu linaloiendea benki iliyotoa kadi ya mkopo. Nchini Marekani, sheria ya mwaka wa 2010 ilielekeza kupunguzwa kwa ada hiyo kwa kadi za kawaida, zile zinazokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya mteja. Benki nyingi kubwa za huko ziliondoa zawadi kwenye kadi hizo za kawaida, lakini zikaziacha kwenye kadi za mkopo ambazo sheria hiyo haikuzigusa. Kisima kilipokauka, ndoo nazo zilirudi tupu.

Kisima cha pili ni riba na faini za wateja wanaochelewa kulipa. Hii ina maana kuwa anayelipa deni lake lote kila mwezi hufurahia zawadi iliyochangiwa na jirani yake aliyelemewa. Mnunuzi wa pesa taslimu naye huchangia bila kujua, kwa sababu mwenye duka huijumlisha ada ya kadi katika bei ambayo wanunuzi wote hulipa.

Swali la kwanza kwa kila familia, basi, ni hili: sisi tutakuwa wachangiaji ama wachangiwa?

Mtindo mkongwe

Biashara ya kumtunza mnunuzi ili arudi ni kongwe kuliko kadi yenyewe. Huko Marekani, kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza mwaka wa 1896 kuyauzia maduka stempu za kijani. Mnunuzi alipewa stempu kulingana na pesa alizotumia, akazibandika kitabuni hadi zikatosha kubadilishwa kwa vyombo vya nyumbani.

Kadi ya Diners Club ilikuja mwaka wa 1950, na Barclaycard ikafungua ukurasa wa kadi za mkopo nchini Uingereza mwaka wa 1966. Shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mpango wake wa kuhesabu maili kwa wasafiri wa mara kwa mara mwaka wa 1981. Kadi ya Discover nayo ilipoingia sokoni mwaka wa 1986 ikaanza kumrudishia mteja sehemu ndogo ya pesa alizotumia.

Hapa Kenya, wananchi wengi waliijua pointi kabla hawajaijua kadi ya mkopo. Wateja wa Nakumatt walikuwa na kadi yao ya Smart, na Safaricom ikaanzisha pointi za Bonga mwaka wa 2007, mwaka uleule ilipozindua M-Pesa. Tofauti ni kwamba mipango hiyo ilimtunza mtu kwa kutumia pesa zake mwenyewe. Kadi ya mkopo humtunza kwa kutumia pesa za benki, ambazo zina mwenyewe na zina tarehe.

Pointi si shilingi

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kulinganisha kadi kwa wingi wa pointi. Pointi ni sarafu ambayo benki yenyewe huipanga thamani, na idadi kubwa inaweza kuficha thamani ndogo.

Tuchukue mfano wa kadi tatu. Kadi ya kwanza inatoa pointi moja kwa kila Sh100, na pointi 1,000 zinapata vocha ya Sh500. Kadi ya pili inatoa pointi tano kwa kila Sh100, na pointi 1,000 zinapata vocha ya Sh200. Kadi ya tatu inajigamba kwa pointi kumi kwa kila Sh100, lakini vocha ya Sh500 inahitaji pointi 10,000.

Ukiisikia ya tatu redioni, utadhani ndiyo bora. Hebu tuhesabu. Kwenye kadi ya kwanza, mtu hutumia Sh100,000 ndipo apate vocha ya Sh500, yaani nusu ya asilimia moja. Kwenye kadi ya pili, hutumia Sh20,000 akapata Sh200, yaani asilimia moja kamili. Kwenye kadi ya tatu hutumia Sh100,000 akapata Sh500, sawa kabisa na ile ya kwanza, licha ya makelele yote.

Kanuni ni rahisi. Igawe thamani ya vocha kwa pesa zinazohitajika kutumiwa ili uipate, kisha zidisha kwa 100. Jibu ni asilimia inayorudi mfukoni mwako, na hicho ndicho kipimo cha pekee cha kulinganisha kadi moja na nyingine.

Angalia pia zawadi yenyewe ni kitu gani. Sh500 zinazopunguza deni ni sawa na pesa taslimu. Vocha ya Sh500 katika hoteli ambayo hungekwenda kwa hiari yako haina thamani ya Sh500 kwako, kwa sababu itakubidi uongeze pesa ili uitumie.

Ni matumizi gani hupita kwenye kadi?

Kosa la pili ni kuchukua bajeti yote ya nyumbani na kuizidisha kwa asilimia ya zawadi. Mkenya wa kawaida hawezi kulipia kila kitu kwa kadi.

Tuseme familia moja ya mjini hutumia Sh80,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba ni Sh25,000. Karo, ikigawanywa kwa miezi, ni Sh12,000. Nauli ya matatu ni Sh6,000. Mboga, maziwa na nyama ni Sh12,000. Ununuzi wa supamaketi ni Sh14,000, petroli Sh8,000, na stima pamoja na intaneti Sh3,000.

Mwenye nyumba hutaka kodi yake kwa M-Pesa ama benki. Shule nyingi hutaka karo iwekwe kwenye akaunti yao au ilipwe kwa simu. Makanga hana mashine ya kadi, wala mama mboga, wala mwenye buchari wa mtaani. Kinachosalia kwa kadi ni supamaketi, petroli, stima na intaneti, jumla Sh25,000. Hiyo haifiki hata theluthi moja ya bajeti.

Wakala akikuambia kwamba familia yenye matumizi ya Sh80,000 itavuna Sh9,600 kwa mwaka kutoka kwenye kadi ya asilimia moja, amehesabu hata nauli ya matatu. Mavuno halisi ni Sh250 kwa mwezi, yaani Sh3,000 kwa mwaka. Kwa kadi ya nusu asilimia ni Sh1,500.

Hata katika hizo Sh25,000, soma masharti kwa makini. Ziko kadi zisizotoa pointi kwa mafuta ya gari ama kwa bili za huduma. Pesa zinazotolewa kwenye mashine ya ATM, ada za benki na riba kwa kawaida hazipewi pointi kabisa.

Ada ya mwaka

Kadi nyingi hutozwa ada ya mwaka, na baadhi ya benki husamehe mwaka wa kwanza ili kumvuta mteja. Hesabu yako ianze mwaka wa pili.

Familia yetu ya mfano ikichukua kadi ya asilimia moja yenye ada ya Sh3,000, itafanya kazi ya bure: Sh3,000 zinaingia, Sh3,000 zinatoka. Ikichukua kadi ya nusu asilimia yenye ada hiyohiyo, itapoteza Sh1,500 kila mwaka kwa raha ya kuitwa mteja wa hadhi.

Ziko pia kadi zinazotoa zawadi kubwa katika aina moja tu ya matumizi. Tuseme kadi inarudisha asilimia tano ya ununuzi wa supamaketi, ila isizidi Sh500 kwa mwezi, na haitoi chochote kwingineko. Kwa ununuzi wa Sh14,000, asilimia tano ni Sh700, lakini kikomo kitaishusha hadi Sh500. Kwa mwaka ni Sh6,000. Ukiondoa ada ya Sh3,000, familia inabaki na Sh3,000 mkononi. Kadi hiyo basi ni bora kuliko ya asilimia moja.

Lakini ngoja kidogo. Je, zawadi hiyo ni ya supamaketi yoyote ama ya kampuni moja tu? Ikiwa ni ya kampuni moja ambayo tawi lake liko mbali, na ikubidi utumie nauli ya Sh100 zaidi kila wiki kwenda na kurudi, kwa mwaka utakuwa umetumia Sh5,200 kufuata faida ya Sh3,000. Na ikiwa bei za hapo ziko juu kuliko za duka la jirani, hasara huongezeka kimyakimya, shilingi tano kwa pakiti ya unga, shilingi kumi kwa kilo ya sukari.

Ndiyo maana kadi huchaguliwa kwa kufuata njia ambayo miguu yako tayari huipita. Toa risiti za miezi mitatu, zipange kwa maduka, kisha utafute kadi inayolingana nazo. Kubadilisha maduka ili kuifurahisha kadi ni kumfanya mtumwa kuwa bwana.

Riba humeza zawadi

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Zawadi hupimwa kwa asilimia moja ama nusu, tena mara moja tu kwa kila ununuzi. Riba ya kadi ya mkopo hutajwa kwa mwezi, na hujirudia kila mwezi ambao deni linabaki.

Tuchukue mfano wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayeisikia harakaharaka huiona ndogo. Kwa mwaka ni asilimia 42, hata kabla riba haijaanza kuzaa riba nyingine.

Familia yetu ikiacha deni la Sh25,000 kwa mwezi mmoja tu, riba ni Sh875. Zawadi ya mwezi huo kwa kadi ya asilimia moja ilikuwa Sh250. Ikichelewa hivyo mara nne kwa mwaka, imelipa Sh3,500, na zawadi ya mwaka mzima ya Sh3,000 imekwisha kumezwa, pamoja na chenji.

Hatari zaidi ni kile kiasi kidogo ambacho benki humruhusu mteja kulipa kila mwezi ili asihesabiwe kuwa amekiuka mkataba. Wengi hukiona kama huruma. Tuseme kiasi hicho ni asilimia kumi ya deni, na mtu anadaiwa Sh40,000 kwa riba ileile ya asilimia 3.5. Akilipa kiasi hicho tu kila mwezi bila kununua kitu kingine chochote, mwaka utakapokwisha atakuwa ametoa takriban Sh34,600. Hata hivyo, atakuwa bado anadaiwa takriban Sh17,000. Karibu Sh11,700 zitakuwa zimekwenda kwa riba.

Na zawadi aliyopata kwa ununuzi ule wa Sh40,000? Kwa kadi ya asilimia moja ni Sh400.

Sheria inampa mkopaji kinga kiasi. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007, kinasema kuwa mkopo ukishakuwa mbovu, riba inayoendelea kuhesabiwa haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo kilichokuwa hakijalipwa wakati ulipogeuka kuwa mbovu. Kinga hiyo humsaidia aliyekwisha kuzama, si anayetafuta pointi. Kikomo cha riba kilichowekwa na Bunge Septemba 2016 nacho kiliondolewa Novemba 2019, kwa hiyo mteja hana budi kuulizia riba ya kila benki.

Zaidi ya pesa, kuna jina. Anayeshindwa kulipa huandikwa katika mashirika ya kuhifadhi taarifa za wakopaji, na taarifa hiyo humfuata atakapoomba mkopo wa kununua ploti ama wa kumsomesha mtoto. Ni haki ya kila Mkenya kupata nakala moja ya taarifa yake bila malipo kila mwaka, na ni vyema kuitumia haki hiyo kabla ya kujaza fomu ya kadi.

Siku 50 ambazo huwa 21

Matangazo hutaja muhula wa hadi siku 50 usio na riba. Neno zito hapo ni 'hadi'.

Tuseme benki huandaa taarifa yako ya mwezi kila tarehe 5, nawe unatakiwa kulipa kufikia tarehe 25. Ukinunua bidhaa Januari 6, zitaonekana katika taarifa ya Februari 5, na utalipa Februari 25. Hizo ni siku 50. Lakini ukinunua Februari 4, utalipa siku hiyohiyo ya Februari 25. Hizo ni siku 21 tu.

Linganisha tarehe hizo na tarehe ya mshahara. Anayelipwa tarehe 28 na kutakiwa kulipa kadi tarehe 25 atakuwa akihangaika kila mwezi, si kwa kukosa pesa bali kwa kuzipata siku tatu baadaye. Iulize benki, kabla hujatia sahihi, ikiwa inaweza kukusogezea tarehe ifuate mshahara. Halafu toa idhini ya deni lote kukatwa moja kwa moja kwenye akaunti, badala ya kile kiasi kidogo kinachoruhusiwa.

Fahamu pia kwamba muhula huo ni wa mteja aliyelipa deni lake lote. Katika kadi nyingi, ukibakisha sehemu ya deni, hata bidhaa mpya huanza kutozwa riba tangu siku unayozinunua. Na ukitoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo, kwa kawaida hakuna muhula wowote: unatozwa ada papo hapo, riba inaanza siku hiyohiyo, na pointi hupati.

Mkono unaolegea

Mtu anaweza kulipa kila deni kwa wakati na bado akapata hasara, kwa sababu kadi huulegeza mkono. Watafiti Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT nchini Marekani walichapisha mwaka wa 2001 matokeo ya jaribio walilofanya na wanafunzi. Wanafunzi waliombwa kutaja bei watakayolipia tikiti za mchezo wa mpira wa vikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi ya mkopo walitaja bei za juu zaidi, kufikia takriban maradufu ya walioambiwa watalipa taslimu.

Si lazima tofauti iwe kubwa kiasi hicho ili iharibu hesabu. Familia yetu ikiongeza asilimia mbili tu kwenye ununuzi wake wa Sh25,000, imetumia Sh500 zaidi kwa mwezi ili kupata zawadi ya Sh250. Anayesema "naongeza hiki kidogo nifikishe pointi" tayari ameshapoteza.

Pointi nazo hufa

Pointi si akiba. Hazizai faida, na thamani yake inaweza kupunguzwa kwa tangazo moja. Mipango mingi huwa na tarehe ambayo pointi zisizotumiwa hufutwa.

Wakenya wana somo la karibu. Nakumatt ilipokuwa kileleni, wengi waliamini kuwa ingedumu daima. Mwaka wa 2017 rafu zake zilikuwa tupu na matawi yakafungwa moja baada ya jingine. Januari 2018 mahakama iliiweka mikononi mwa msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Wauzaji bidhaa waliodai mabilioni walihangaika. Mwenye pointi za duka lililofungwa huwa hana mlango wa kubisha.

Kwa hiyo ukiamua kuchukua kadi, badilisha pointi mara tu zinapofika kiwango cha chini cha vocha yenye manufaa. Hiyo safari ya ndege ya mwaka wa saba inaweza kupeperuka kabla hujafunga begi.

Kadi moja, watu wawili

Kadi ya nyumbani hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Benki nyingi hutoa kadi ya ziada kwa mume, mke ama mtoto aliyekomaa. Pointi huingia mahali pamoja na hilo ni jema, lakini deni nalo huingia mahali pamoja, na anayewajibika mbele ya benki ni yule aliyetia sahihi mkataba mkuu.

Ni busara wenye nyumba wakubaliane mapema: kadi ni ya vitu gani, kikomo cha kila mwezi ni kipi, na nani atakagua taarifa inapofika. Kikomo ambacho benki inakupa si kikomo chako. Benki ikikupa Sh150,000 na kadi ni ya matumizi ya Sh25,000, omba ishushwe. Ni haki yako, na itakulinda hata kadi ikiibwa.

Maswali ya kuulizia benki

Katiba ya 2010, katika ibara ya 46, inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidika nazo kikamilifu. Usione haya kuuliza yafuatayo, na uyapate majibu kwa maandishi:

• Nitatumia shilingi ngapi ndipo nipate zawadi ya Sh500, na zawadi hiyo ni pesa, vocha ama kitu gani?

• Ni ununuzi gani usiopewa pointi?

• Ada ya mwaka ni ngapi kuanzia mwaka wa pili, pamoja na ushuru wake?

• Riba ni asilimia ngapi kwa mwezi, na inaanza kuhesabiwa siku gani nikibakisha deni?

• Faini ya kuchelewa siku moja ni ngapi?

• Nikinunua kitu kwa dola kupitia intaneti, mtaongeza asilimia ngapi kwenye kubadilisha sarafu?

• Pointi huisha nguvu baada ya muda gani?

• Nikitaka kuifunga kadi, nifuate utaratibu gani, na pointi zangu zitakwenda wapi?

Afisa anayeyajibu yote bila kigugumizi anastahili kusikilizwa. Anayerudia tu idadi ya pointi, mshukuru na uende zako.

Nani achukue, nani aache

Mwenye mapato ya uhakika, anayelipa madeni yake bila kukumbushwa, na ambaye sehemu nzuri ya ununuzi wake hufanyika kwenye maduka yenye mashine za kadi, anaweza kufaidika. Faida hiyo haitamtajirisha. Kwa familia tuliyoitumia kama mfano, ni Sh3,000 hivi kwa mwaka ikichagua vyema. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba hakivuji.

Asiye na uhakika wa mapato, ama anayejua kuwa mwezi humkuta mikono mitupu, aiache. Bado anaweza kupata pointi kwa kadi ya uaminifu ya supamaketi yake, ambayo hutolewa kwa anayelipa taslimu ama kwa M-Pesa, isiyo na riba na isiyomwandikisha deni popote. Mwenye deni la kadi tayari asitafute kadi nyingine yenye zawadi nono. Shilingi anayoilipa kupunguza deni lile humwokolea riba ya kila mwezi, na hakuna pointi duniani inayolipa kiasi hicho.

Anayesitasita ajijaribu kwa miezi mitatu kabla ya kujaza fomu. Kila mwezi aendelee kununua kama kawaida kwa pesa zake, lakini mwanzoni mwa mwezi atenge kando kiasi kinacholingana na kile ambacho angekitumia kwa kadi, bila kukigusa hadi tarehe 25 ya mwezi unaofuata. Pesa hizo zikikutwa zote mara tatu mfululizo, yuko tayari kwa kadi. Zikikutwa zimepungua hata mara moja, amepata jibu lake, na halijamgharimu hata senti moja ya riba.